Vyombo Vyenye Macho

Katika miaka 38 niliyoshika chaki nimetoa alama zisizo na idadi. Nimetoa alama za hesabu, za imla, za insha na za kazi za mikono, na karibu zote nimezisahau, kama mpishi asivyokumbuka kila sahani aliyoipakua. Ipo moja ambayo haijanitoka. Ilikuwa 3 kwa 10. Niliiandika kwa wino mwekundu mwaka 1974, na aliyenikumbusha hakuwa mtoto niliyempa wala mzazi wake. Alikuwa ndege wa jiwe, aliyechongwa huko Misri zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Mwaka 1989 nilipelekwa London kwa kozi ya miezi mitatu ya uongozi wa elimu. Tulisomea karibu na British Museum, jumba kubwa la makumbusho ambalo kuliingia ni bure, na kwa mtu mwenye posho ndogo katika mji wa baridi neno bure lina joto lake. Jumamosi moja nikaingia. Kama wageni wote, nilikwenda kwanza kuwaona wafalme wa Misri. Nilikuwa nimewafundisha watoto habari za Misri kwa miaka mingi: Mto Naili na mafuriko yake, mafarao, piramidi, maandishi ya picha, basi, kengele imelia. Kwangu mimi Misri ilianza siku alipotokea mfalme. Nilipokuwa nikitafuta njia ya kutokea, nikapita mbele ya kabati la kioo lenye vitu vya watu walioishi kabla ya wafalme, na hapo miguu ikakataa kwenda.

Yule ndege alikuwa wa jiwe jekundu lenye mabaka meupe, lile ambalo wataalamu huliita brechia, yaani vipande vya mawe vilivyogandamana chini ya ardhi hata vikawa jiwe moja. Mwili wake ulikuwa wa mviringo, umelainishwa mpaka unang'aa. Hakuwa na manyoya wala miguu. Fundi alichonga kichwa, mkia na umbo, akaona yatosha. Lakini mgongoni alikuwa na tundu lenye ukingo uliochongwa vizuri. Nikainama kusoma maelezo. Kumbe hakuwa sanamu. Alikuwa chombo.

Palepale nikamwona kiboko.

Hapana budi nimweleze kiboko huyo. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi kandokando ya Ziwa Victoria. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilikuwa ndiyo dira ya kila shule, nami niliishika kwa bidii ya mtu aliyetoka chuoni jana. Katika somo la kazi za mikono niliwaagiza wanafunzi wa darasa la sita kila mmoja afinyange chungu kimoja cha kutumika nyumbani. Wavulana walinung'unika kwamba ufinyanzi ni kazi ya akina mama, lakini wakafanya. Siku ya kukusanya, meza ilijaa vyungu: vingine vimepinda, vingine vina nyufa, ila vyote ni vyungu. Mtoto mmoja, mwana wa mvuvi, akaleta kiboko. Alikuwa kiboko mnene, kichwa kimeinuka kidogo kama anachungulia nje ya maji, masikio mawili madogo, na mgongoni tundu.

"Nilisema mfinyange nini?" nikamwuliza.

"Chungu, mwalimu."

"Na hiki ni nini?"

"Chungu, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Katika shule za siku zile kiboko kilichojulikana zaidi kilikuwa cha namna nyingine, nami nashukuru kwamba siku ile sikukitumia. Lakini nilimpa 3 kwa 10, nikaandika pembeni, "Hakufuata maagizo," na nikamwamuru akiondoe mezani, kwa sababu wazazi walikuwa waje kutazama kazi za watoto wao. Akakibeba kwa mikono miwili, akaenda nacho. Nikaona nimefunza nidhamu.

Basi, miaka 15 baadaye, nikiwa nimevaa koti la kuazima katika mji wa watu, nilikuwa natazama kazi ya mtu ambaye naye angeniletea ndege badala ya chungu, na ningempa 3.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya vyombo hivi. Watu waliovitengeneza waliishi katika bonde la Naili, upande wa Misri ya Juu, na wataalamu huwaita watu wa Naqada, kwa jina la mji ulio karibu na makaburi yao. Wakati wao ulianza kiasi cha mwaka 4000 K.K., na vyombo vya mawe vyenye sura za wanyama vilishamiri kuanzia kama mwaka 3500 K.K. hadi mwanzo wa nasaba za wafalme, karibu na mwaka 3000 K.K. Wapo ndege, vyura, samaki, kasa wa mtoni, viboko, na wapo hata tembo. Vingi ni vidogo. Ubavuni mwa vingi kuna vishikio vilivyotobolewa ili kamba ipite, chombo kipate kuning'inizwa. Macho ya baadhi yao yalichimbwa, yakajazwa kipande cha kombe au cha mfupa. Ndani yake yaliwekwa mafuta ya kujipaka na rangi za kupamba macho. Wanja wao aghalabu ulikuwa wa kijani, uliosagwa kutoka katika jiwe la malakaiti, na hata vibao vya kusagia wanja huo vilichongwa kwa sura za samaki, kasa na viboko. Mtu alipokufa alilazwa kaburini amejikunja kama mtoto aliyelala, na vitu vyake vikawekwa kandokando yake.

Sasa tafakari, msomaji, kazi iliyomo katika chombo kama kile. Udongo humtii mfinyanzi. Jiwe halimtii mtu. Hukubali tu kushindwa, tena polepole. Fundi alianza na bonge la jiwe, akaligonga kwa jiwe gumu zaidi mpaka likakaribia umbo alilolitaka, kisha akalisugua kwa jiwe la mchanga. Baada ya nje kuwa tayari ndipo alipoingia ndani, na hapo ndipo penye hatari, kwani ufa mmoja ungeteketeza kazi yote iliyotangulia. Alitumia keekee. Katika namna mojawapo palikuwa na mti uliofungiwa mawe mazito juu ili kuusukuma chini, na ncha yake yenye panda ilishika kipande cha gumegume. Katika namna nyingine palikuwa na bomba la shaba. Mtu atauliza: shaba ni laini, yawezaje kutoboa jiwe gumu? Jibu ni mchanga. Fundi alitia mchanga kati ya shaba na jiwe. Shaba iliuzungusha tu, na chembe za mchanga ndizo zilizokula jiwe. Mwingereza mmoja, Denys Stocks, alitengeneza vyombo kama hivyo upya akavijaribu kwa mikono yake, akaonyesha kwamba njia hiyo hufanya kazi, ila shaba nayo huliwa pamoja na jiwe. Ndani ya vyombo vingi vya mawe bado ipo mikwaruzo ya duara iliyoachwa na keekee, kama pete ndani ya pete. Baadaye Wamisri walipopata maandishi, picha ya keekee hiyo ndiyo iliyotumika kuandika neno lenye maana ya ufundi.

Taabu yote hiyo ilikuwa ya nini? Kama haja ilikuwa mafuta, kibuyu kingetosha. Kama ilikuwa chombo imara, chungu cha kawaida kilikuwapo, na wafinyanzi wa Naqada walikuwa mabingwa. Kama ilikuwa jiwe lazima, mtungi wa mviringo ungechongeka kwa urahisi kuliko ndege, ambaye kichwa chake huweza kukatika kwa pigo moja. Fundi alijua haya yote kuliko mimi. Hata hivyo alichagua njia ndefu.

Nadhani aliona kitu ambacho mimi mbele ya meza ile ya vyungu sikukiona. Watu wale waliishi na wanyama kwa namna ambayo sisi tumeisahau. Katika makaburi ya wakubwa huko Hierakonpolis, mji mkongwe wa Misri ya Juu, wachimbaji wamekuta wanyama waliozikwa kwa heshima kama watu: tembo wawili, kiboko, mamba, chui, na nyani ambao baadhi ya mifupa yao ilivunjika na kuunga tena, ishara kwamba walifungwa na kutunzwa kabla ya kufa. Mtu aliyemlisha tembo kwa mkono wake hamchongi kama pambo. Huyo ni mtu anayemfahamu.

Tazama chura. Mafuriko ya Naili yalipopungua, vyura walijaa matopeni kana kwamba udongo wenyewe umewazaa. Si ajabu kwamba baadaye Wamisri walimpa mungu wao wa kike wa uzazi, Heqet, sura ya chura, na walipotaka kuandika hesabu ya 100,000 walichora kiluwiluwi. Mwanamke aliyeweka mafuta yake katika chura wa jiwe hakuwa akicheza. Tazama na samaki, yule ambaye kwetu huitwa sato. Mama yake huwaficha watoto mdomoni penye hatari, na hatari ikipita huwatoa wakiwa hai. Kwa watu wa Naili kitendo hicho kilikuja kuwa mfano wa kuzaliwa upya. Kumbe katika vitu vile matumizi na maana havikutengana. Mimi ndiye niliyevitenganisha kwa rula yangu.

Mtu aliyenifundisha zaidi katika habari hizi ni Flinders Petrie, Mwingereza aliyechimba Naqada mwaka 1894 na 1895. Alifukua zaidi ya makaburi 2,000. Na kwanza alikosea vibaya. Vitu alivyovikuta havikufanana na vya Misri aliyoizoea, akatangaza kwamba hao ni jamii mpya, wavamizi kutoka nje walioingia wakati ufalme ulipodhoofika. Akawapa watoto wa nchi alama ya ugeni! Mfaransa Jacques de Morgan ndiye aliyeonyesha kwamba watu hao hawakuwa wavamizi. Walikuwa Wamisri wenyewe kabla ya mafarao. Petrie akakubali baadaye.

Lakini nilipokwisha kumcheka, nilisoma alichofanya baada ya hapo, nikanyamaza. Makaburi hayakuwa na maandishi wala tarehe. Petrie alichukua mamia ya makaburi, kila moja akaliandikia ukanda wake wa karatasi vitu vilivyokutwa ndani yake, kisha akazipanga karatasi hizo na kuzipangua, yenye vitu vinavyofanana na iwe karibu na mwenziwe, mpaka akapata mfululizo wa nani alitangulia na nani alifuata. Kila mwalimu aliyewahi kupanga daftari la mahudhurio atamwelewa. Kisha akaupa mfululizo huo namba, naye hakuanzia 1. Alianzia 30, akaishia 80. Namba 1 mpaka 29 aliziacha tupu, kwa ajili ya watu wa kale zaidi ambao hakuna aliyekuwa amewagundua bado. Katika miaka ya 1920 wakapatikana, watu wa Badari, na nafasi yao ilikuwa inawangoja.

Nimeiwaza sana nafasi ile tupu. Huyu ni mtu aliyekwisha kuona madhara ya kuhukumu asichokijua, basi mara ya pili alipopima, aliacha mahali pa kile ambacho hakukitazamia. Daftari langu la mwaka 1974 halikuwa na mahali hapo. Lilikuwa na safu ya ukubwa, safu ya uimara na safu ya usafi, na mtoto aliyeleta kitu cha nne hakuwa na pa kuandikwa ila katika makosa.

Yako na mambo yaliyotokea kwa vyombo vya mawe baadaye, ambayo mkuu wa chuo yeyote angefanya vyema kuyafikiri. Wafalme walipokuja, ufundi haukufa, uliongezeka. Chini ya piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser huko Saqqara, iliyojengwa kiasi cha mwaka 2650 K.K., yalikutwa mashimo yaliyojaa vyombo vya mawe vipatavyo 40,000, vingi vikiwa vimevunjika, na baadhi vimeandikwa majina ya wafalme waliomtangulia. Hesabu hiyo hunipa kizunguzungu. Lakini karibu vyote ni mabakuli, sahani na mitungi, kazi safi ya karakana, kila kimoja ndugu wa mwenziwe. Vyura na ndege wamekuwa haba. Hawakutoweka kabisa, kwani katika nasaba ya 6 mafundi wa mfalme walichonga vichupa vya alabasta vyenye sura ya tumbili jike aliyempakata mtoto wake. Hata hivyo, mtu akisimama mbele ya zile 40,000 huona wazi kwamba mwenye kuagiza ni mmoja na maagizo yamefuatwa. Mimi ningevipa 10 kwa 10, vyote.

Sisemi kwamba maagizo ni mabaya. Shule bila maagizo ni soko. Wala simlaumu aliyetuwekea Elimu ya Kujitegemea. Yeye alitaka mtoto atumie akili na mikono yake pamoja, na ni mimi niliyeyasoma maneno yake kwa jicho moja. Chungu cha kiboko kilikuwa ndicho hasa alichokitaka.

Mwaka 1996 nilishuka mwaloni asubuhi moja kununua samaki. Mtu mzima mwenye kofia akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa sauti ya watu wanaokufahamu kuliko unavyowafahamu. Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu," nikimtafuta katika uso ule, ndipo nikamwona mwana wa mvuvi. Sasa alikuwa na mitumbwi yake mwenyewe. Tukaulizana hali, tukataja waliotangulia mbele ya haki. Kisha nikakaza moyo nikamwuliza kama anakumbuka kiboko cha udongo.

Akafikiri. "Aa, kile!" akasema. "Bibi alikitwaa siku ileile niliyokifikisha nyumbani. Akakifanya cha kutilia ugoro wake. Hakutaka mtu akiguse."

"Kiko wapi sasa?"

"Kilivunjika siku nyingi, mwalimu, tulipokuwa tukihama. Bibi alisononeka wiki nzima." Kisha akanitazama. "Kwani wewe ulinipa ngapi?"

Sikuwa na ujanja wa kukwepa. Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika kiuno, akawaita na wenzake waje kusikia. "Basi ulinionea, mwalimu!" akasema, na katika kicheko kile hakukuwa na kinyongo hata kidogo. Akachagua sato wawili wakubwa, akanifungia katika gazeti, akakataa pesa yangu. Samaki huyo wa Naili alipandikizwa katika ziwa letu miaka ya 1950, nami nikatembea naye kwapani kurudi nyumbani, nikiwaza kwamba kwa miaka 7 nilikuwa nikijilaumu kwa kudharau kitu kizuri kisicho na kazi, kumbe kilikuwa na kazi kila siku. Niliagiza chungu cha kutumika nyumbani, naye mtoto ndiye aliyenitii. Nilikosea hata kwa kipimo changu mwenyewe.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwaagiza walimu wanafunzi waliokuwa wakienda mazoezini wachore katika daftari la alama safu moja zaidi na kuiacha bila kichwa. Wengi walidhani ni mazoea ya mzee. Mmoja aliniuliza safu hiyo ni ya nini, nikamwambia kwamba sijui, na kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Wengine walirudi nayo tupu. Lakini kila mwaka walikuwapo wawili watatu waliorudi na maneno machache katika safu hiyo: fulani alijibu swali kwa picha; fulani alileta mzinga wa nyuki aliposema ufagio; fulani aliuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu. Niliyasoma maneno hayo kabla ya kusoma alama.